Maziwa ya Mgando na Meno ya Watoto Wetu
(Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu)



Katika mkutano uliopita lilitolewa shauri kwamba mtindi tutakaowauzia watoto wa shule utiwe sukari na rangi, kwa kuwa mtoto hununua kile ulimi wake unachokipenda. Kwa upande wa mapato sina neno la kulipinga. Nimeagizwa kueleza kwa nini Kamati inasita, nanyi mniwie radhi ikiwa mtu wa vitabu vya hesabu atanena habari za meno.

Maziwa ya mgando si jambo geni kwetu. Mnyaturu, Mnyiramba na Mbarbaig wote wamelelewa kwa kibuyu. Kinachoyagandisha ni bakteria, viumbe visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula sukari ya asili iliyomo katika maziwa na kutoa ukali. Baadhi yao ni marafiki wa mwili. Mwaka 2001 wataalamu wa Finland walitangaza uchunguzi wao uliofanywa katika mji wa Helsinki: watoto 594, wa mwaka 1 hadi 6, walinyweshwa maziwa kwa miezi 7, wengine maziwa ya kawaida, wengine maziwa yaliyotiwa bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GG. Hao wa pili walionekana kupungukiwa na kuoza kwa meno, hasa wale wa miaka 3 na 4. Huku kwetu, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mwanza, walikwisha kutengeneza mtindi wenye bakteria wa jamii hiyo. Sidai kwamba kila kibuyu cha Iramba kina bakteria yule yule wa Helsinki.

Mzee mmoja aliniuliza: ikiwa ukali ndio uozeshao jino, mtindi nao si mkali? Swali lake ni la haki kabisa. Jibu ni kwamba maziwa yana chokaa na fosforasi kwa wingi, vitu vile vile vilivyojenga jino, kwa hiyo ukali wa mtindi mtupu haulimung'unyi jino kwa urahisi.

Lakini tutiapo sukari, mambo hugeuka. Bakteria waozeshao meno hungoja sukari kama kuku wangojavyo mtama. Waipatapo, hutoa asidi inayokula jino muda baada ya muda. Tena katika ukoo wa Lactobacillus wenyewe wamo wanaostawi ndani ya tundu la jino lililokwisha kuoza. Basi kwa mkono mmoja tungempa mtoto askari, na kwa mkono wa pili tukamlisha adui wake.

Jambo moja lisichanganywe na hili. Meno yenye madoa ya kahawia, tunayoyaona sana hapa Singida, hayatokani na uchafu. Ni floraidi ya maji ya baadhi ya visima, inayoliharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Doa hilo haliondolewi na mtindi wala na mswaki. Dawa yake ni kupima kisima na kumpa mtoto mchanga maji salama. Asitokee mwuzaji wa Chama akawaahidi wazazi vinginevyo.

Mswaki nao unabaki pale pale, asubuhi na usiku.

Kamati basi inashauri hivi: mtindi wa shule uwe mtupu, wa maziwa yaliyochemshwa kwanza, yakapozwa, ndipo yakatiwa mtindi wa jana. Pia kila mwanachama, kabla ya kupeleka maziwa kituoni, abakize kikombe cha kila mtoto nyumbani. Mweka Hazina ameniambia kwamba mauzo huenda yakapungua mwanzoni, naye hutumia neno "huenda" kwa nadra sana.

Bwana Mwenyekiti, naliweka shauri hili mbele ya mkutano ulipigie kura.