MNYOO WA KICHOCHO NA UKOO WAKE

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Kerenge, Korogwe)



Leo tuzungumze juu ya kichocho. Mtoto anaoga bwawani au anashinda katika shamba la mpunga. Baadaye anakojoa damu. Wengine husema, "Mwacheni, anakua huyo." Siyo kweli. Huo ni ugonjwa. Ukiachwa, huharibu kibofu na figo, na kwa wanawake huumiza njia ya uzazi.

Anayeleta kichocho ni mnyoo mdogo anayekaa ndani ya mishipa ya damu. Yumo katika ukoo wa minyoo bapa. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alimwona mwaka 1851 huko Cairo, Misri. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana. Je, kichocho cha mkojo na kichocho cha tumbo huletwa na mnyoo mmoja au wawili? Mwaka 1915 Robert Leiper alionyesha, huko huko Misri, kwamba ni wawili, na kila mmoja ana konokono wake wa majini.

Baadaye wataalamu walitazama ndani zaidi. Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya chembe kuna nyuzi ziitwazo kromosomu. Nyuzi hizi hubeba urithi kutoka kwa wazazi. Zikipakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, zinahesabika.

Binadamu ana kromosomu 46. Mnyoo wa kichocho ana 16, yaani jozi 8. Mnyoo wa ini, yule bapa tunayemwona ng'ombe anapochinjwa, ana 20. Basi hao ni ndugu wa mbali.

Tena kuna ajabu. Mnyoo wa ini ni dume na jike katika mwili mmoja. Lakini minyoo ya kichocho ina dume na jike mbalimbali. Kwa binadamu, baba ndiye mwenye jozi ya jinsia isiyofanana. Kwa kichocho ni jike. Wataalamu wanaona kwamba mababu wa minyoo hii walikuwa na jinsia mbili katika mwili mmoja, kisha zikatengana. Tena, jozi hiyo kwa minyoo ya Afrika haifanani na ya minyoo ya Asia. Hivyo ndivyo matawi ya ukoo yanavyojulikana.

Sasa basi, je, kuhesabu kunatosha? Hakutoshi. Mnyoo wa kichocho cha ng'ombe naye ana 16, sawa na wa binadamu. Nyumba mbili zenye watoto wanane wanane siyo lazima ziwe za ukoo mmoja. Ndiyo maana siku hizi wataalamu husoma urithi wenyewe, siyo idadi tu.

Wamegundua jambo zito: mnyoo wa mtu na mnyoo wa ng'ombe waweza kuzaliana. Mwaka 2013 watu waliooga katika mto Cavu, kisiwa cha Corsica, Ufaransa, walipata kichocho. Mnyoo wao ulikuwa na urithi wa pande zote mbili. Hapa kwetu Tanzania, kichocho cha ng'ombe kimeonekana kwa ng'ombe wa Pemba.

Mtauliza, "Sisi wakulima tunafaidi nini?" Tunafaidi hivi:

1. Kila aina ina njia yake ya kutoka. Kichocho cha mkojo hupimwa kwa mkojo, na mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kichocho cha tumbo hupimwa kwa choo. Mweleze mganga wa zahanati dalili zako zote.

2. Dawa ya prazikwanteli huua aina zote mbili. Lakini dawa siyo kinga. Ukirudi kwenye maji yale yale, utaambukizwa tena.

3. Mayai yakifika majini, hutoka vijidudu vinavyoingia ndani ya konokono. Humo huongezeka, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu. Kwa hiyo tusikojoe wala kunya majini. Tuchimbe vyoo na tuvitumie.

4. Ng'ombe wanyweshwe mbali na mahali tunapooga na kufua.

Ndugu zangu, mnyoo huyu hana miguu. Sisi ndio tunaompeleka mtoni. Tukiacha kumpeleka, ukoo wake utakatika.

MASWALI YA KUJADILI
Mnyoo wa kichocho ana kromosomu ngapi? Kwa nini idadi peke yake haitoshi kumtambua? Kijijini kwenu watoto wanaoga wapi?