Kuchagua Kipima-Antena cha Bei Nafuu

Leo nataka kuwaeleza habari za chombo kidogo ambacho kila apendaye kuzungumza na wenzake wa mbali kwa redio yake mwenyewe atakihitaji, akiisha kupata leseni. Chombo hicho ni kipima-antena. Wako wasemao kwamba ni anasa ya matajiri. Mimi sikubali, walakini ni kweli kwamba wengi hununua kisichowafaa.

Kwanza yatupasa kuijua kazi yake. Mtambo wa kurushia mawimbi, kwa kawaida, umetengenezwa upeleke nguvu zake katika ukinzani wa omu 50. Ikiwa waya uliotundikwa juu haupatani na kadiri hiyo, sehemu ya nguvu hurudi nyuma katika kebo, mfano wa sauti ikipiga mwamba. Kipimo cha marejeo hayo huitwa SWR. Kikiwa 1, hakuna kirudicho. Kikiwa 2, hurudi kama sehemu 11 katika 100. Kikiwa 3, hurudi robo nzima. Mitambo mingi ya siku hizi hujipunguzia nguvu yenyewe ili isiharibike. Lakini ile ya zamani, na ile ambayo mtu amejiundia nyumbani, aghalabu haina kinga hiyo, na akiba ya miezi mingi yaweza kuungua kwa dakika moja.

Mtu aweza kuuliza: Je, mita ya SWR, ambayo ni rahisi zaidi, haitoshi? Hutosha kukujulisha kwamba pana kasoro. Lakini ni lazima urushe mawimbi ili isome, nawe huna ruhusa ya kurusha nje ya masafa uliyopewa. Kipima-antena hutoa mawimbi yake hafifu mno, hupita masafa mengi kwa mfuatano, kisha huonyesha ni mahali gani waya wako unapatana.

Natutwae mfano. Umetundika waya wa urefu wa meta 20.60, umekatwa katikati na kuungwa na kebo, nawe wataka kuutumia kwenye megahezi 7.1. Chombo chaonyesha kwamba SWR iko chini kabisa kwenye megahezi 6.9. Basi waya ni mrefu mno. Zidisha 20.60 kwa 6.9, ugawe kwa 7.1, utapata meta 20.02. Zinazozidi ni sentimeta 58, yaani 29 kila upande. Usizikate zote pamoja. Kata 20 kila upande, upime tena, kwa maana waya uliokwisha kukatwa haurefuki.

Sasa habari za kununua. Zamani watu wengi walitumia MFJ-259B ya Marekani. Kiwanda chake kilichokuwa Starkville, Mississippi, kiliacha kutengeneza vyombo mwezi wa Mei 2024, hivyo atakayekipata atakipata kwa mkono wa pili, na matengenezo yatakuwa taabu. RigExpert, vya Ukraine, ni vizuri sana, imara, na vyepesi kusomwa juani. Ila bei yake humshinda mwalimu, sembuse mwanafunzi. Cha tatu ni NanoVNA, kilichoenea sana tangu mwaka 2019. Chatoshea kiganjani, na cha kawaida hupima toka kilohezi 50 hata megahezi 900, na mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 100 za Kimarekani. Kwa mwenye fedha kidogo, shauri langu ni hicho. Asidanganywe na namba kubwa za masafa: kupita megahezi 300 usahihi wake hupungua, na atumiaye mawimbi mafupi tu hana haja ya kupita 30.

Lakini urahisi huo una ada yake, nayo ni kujifunza. NanoVNA sharti kirekebishwe kabla ya kupima, kwa vichwa vitatu vidogo: kimoja wazi, kimoja kilichofungwa, na kimoja chenye omu 50. Ukiuziwa bila hivyo, kiache. Tena viko vya kuigiza visivyo na bati la kukinga ndani, navyo husoma ovyo. Muulize muuzaji akuonyeshe picha ya ndani. Uliza pia habari za viungio, kwa kuwa mdomo wake ni mdogo kuliko kichwa cha kebo zetu nene, na bila kiungio hakuna kupima.

Jambo moja huwapotosha hata wazoefu. Kebo mbovu na ndefu hula nguvu zinazokwenda na zinazorudi, na hivyo SWR huonekana njema chini, kumbe juu mambo ni mabaya. Ukiona kipimo kizuri kupita kiasi katika masafa yote, usishangilie. Panda, upime penye waya wenyewe, au urekebishe chombo mwishoni mwa kebo.

Kabla ya kuunga, gusisha waya na ardhi kwanza, maana upepo mkavu na mawingu ya mvua huujaza umeme ambao waweza kukiua chombo papo hapo. Na kikiwa kimeungwa, kebo ya mtambo iwe imeondolewa kabisa. Mtambo ukirusha ndani yake, hata kwa nguvu ndogo, kimekwisha.