Barua Pepe za Mkupuo na Kichujio cha Barua Taka

Barua pepe inayotumwa kwa mkupuo kwa mamia au maelfu ya watu haimfikii msomaji moja kwa moja. Kwanza hupimwa na kichujio cha kampuni inayotunza sanduku la mpokeaji, nacho ndicho kinachoamua iingie kikashani, itupwe kwenye folda ya barua taka au irudishwe ilikotoka. Watumaji wengi huamini kwamba kichujio husoma maneno tu: ondoa neno "bure", punguza alama za mshangao, barua itapita. Imani hiyo ina asili yake. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alieleza namna ya kukadiria kama barua ni taka kwa kuhesabu mara ambazo kila neno hutokea katika barua nzuri na katika barua taka, na vichujio vingi vikajengwa juu ya wazo hilo. Maneno bado yanapimwa. Uzito mkubwa, hata hivyo, umehamia kwenye mambo mawili: kama mtumaji ni yule anayejitaja, na wapokeaji wa barua zake za nyuma walizifanyia nini.

Jambo la kwanza lina mzizi wa zamani. SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe tangu 1982, haukuwekewa njia ya kumhakiki mtumaji. Kama mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha, ndivyo seva yoyote ilivyoweza kutuma barua kwa jina la benki, chuo au wizara. Pengo hilo limezibwa baadaye kwa taratibu tatu, zote zikiwekwa katika rekodi za DNS (daftari la umma la majina ya mtandao) za kikoa cha mtumaji, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani yake. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba ya kikoa. DKIM huitia kila barua sahihi ya kidijitali: seva husaini kwa ufunguo wa siri, na upande wa pili huhakiki kwa ufunguo wa wazi uliochapishwa kwenye DNS, hivyo sehemu iliyosainiwa ikiguswa njiani hubainika. DMARC hudai kwamba kikoa anachokiona msomaji kwenye mstari wa "Kutoka" kilingane na kile kilichofaulu SPF au DKIM, kisha huieleza seva ya mpokeaji la kufanya visipolingana: iiachie barua ipite, iitenge, au iikatae.

Ofisi nyingi hujikwaa hapo, na mara chache sababu huwa ni ugumu wa kitaalamu. Taasisi huwa na seva ya barua za kawaida, mfumo wa uhasibu unaotuma ankara, fomu ya tovuti, na huduma ya kutuma majarida. Vyote hutuma kwa kikoa kimoja kutoka seva tofauti. Kimoja kikisahaulika, barua zake huonekana za kughushi. Kosa jingine la kila siku ni kuongeza rekodi ya pili ya SPF badala ya kuirekebisha iliyopo. Kikoa kinaruhusiwa rekodi moja tu. Zikiwa mbili, uhakiki wote huanguka. Rekodi hiyo pia haipaswi kuhitaji maulizo ya DNS zaidi ya 10. Ni busara kuanza DMARC kwa sera ya kutazama tu, kusoma ripoti zake kwa wiki kadhaa hadi kila mfumo unaotuma ujulikane, ndipo sera ikazwe.

Anayetuma jarida kupitia huduma ya mkupuo huku mstari wa "Kutoka" ukiwa na anwani ya bure hujifungia mlango mwenyewe. Tangu Aprili 2014, kwa mfano, Yahoo imeagiza seva za dunia nzima zikatae barua zinazotumia jina lake bila kufaulu uhakiki. Kikoa cha taasisi yenyewe, kiwe cha .co.tz, .or.ke au kingine, ndicho gharama ya kwanza ya kazi hii.

Yaliyokuwa mapendekezo yaligeuka masharti Februari 2024. Google na Yahoo zilianza kuwataka watumaji wakubwa, ambao kwa Google ni wanaofikisha barua 5,000 kwa siku kwenda anwani za Gmail, wawe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja. Barua za matangazo na majarida lazima ziwe na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na ombi la kujiondoa litekelezwe ndani ya siku mbili. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa masharti ya uthibitisho yanayofanana na hayo.

Sharti lenye makali zaidi linahusu malalamiko. Kiwango cha wapokeaji wanaobofya kitufe cha kuripoti barua taka hakitakiwi kufika asilimia 0.3, na Google hushauri kibaki chini ya 0.1. Kati ya barua 5,000 zilizofika kikashani, watu 15 tu wanatosha kumtia mtumaji mashakani. Si wote hao wenye chuki naye. Wengine hukitafuta kiungo cha kujiondoa, wakakikosa, wakabofya kitufe kilicho karibu. Kuficha kiungo hicho chini kabisa kwa maandishi hafifu ili kuhifadhi idadi ya wasomaji ni kujidhuru. Msomaji anayeondoka kwa urahisi hapunguzi sifa ya kikoa. Anayelazimishwa kubaki huiharibu.

Kwa hiyo orodha ya anwani ndiyo kiini cha kazi yote. Karatasi ya mahudhurio ya warsha mara nyingi huchapwa nzima na kugeuzwa orodha ya jarida, ingawa mtu aliandika anwani yake kuthibitisha tu kwamba alihudhuria. Mwandiko usiosomeka nao huzaa anwani zisizokuwapo, na barua nyingi zinazogonga anwani hewa ni dalili ambayo vichujio huichukulia kwa uzito. Orodha za kununuliwa ni mbaya zaidi, kwani huweza kuwa na anwani za mtego: hakuna mtu anayezitumia, zipo ili kumnasa anayetuma bila ridhaa. Njia safi ni kumtumia anayejiandikisha barua moja ya kuthibitisha, na kumwingiza orodhani baada tu ya kubofya. Anwani inayorudisha kosa la kudumu ifutwe mara moja, na asiyefungua chochote kwa miezi mingi aulizwe kama bado anataka, kisha aachwe.

Sheria nazo zimeingia humo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inabana matumizi ya kibiashara ya taarifa za mtu bila ridhaa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inampa mhusika haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kumpelekea matangazo.

Kasi pia hupimwa. Kikoa kipya kinachotuma barua 20,000 siku yake ya kwanza hufanana na cha tapeli; kiasi kiongezwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Anayetumia seva ya pamoja ya bei nafuu hushiriki anwani ya IP na majirani asiowajua, na jirani mchafu huweza kuwaingiza wote kwenye orodha nyeusi. Ankara na taarifa muhimu zitumwe kwa kikoa kidogo tofauti na kile cha matangazo, ili uzembe wa upande mmoja usizuie stakabadhi za upande wa pili.

Kuhusu maudhui, tabia inayostahili kuachwa ni ya kutuma bango la picha pekee bila maandishi. Viungo vilivyofupishwa vinavyoficha vinakoelekea, na viambatisho visivyotarajiwa, navyo huamsha shaka.

Huduma ya bure ya Google iitwayo Postmaster Tools huonyesha kiwango cha malalamiko ya Gmail kwa kila kikoa. Kikipanda, dawa ni kusimamisha utumaji wa mkupuo, kutafuta kundi la anwani lililoleta malalamiko na kuliondoa, kisha kuanza upya na wale tu waliofungua au kujibu barua siku za karibuni. Wengine hurudishwa hatua kwa hatua kadiri kiwango kinavyoshuka, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa.