Programu Inayosahau: Haki ya Mtumiaji Mwenye Uoni Hafifu



Tumchukue mwalimu mstaafu ambaye macho yake yamefifia. Ana tarakilishi yenye programu ya kukuza maandishi, nayo humwezesha kusoma taarifa zake za benki bila msaada. Jioni hupanga ukubwa wa herufi, rangi ya skrini na upana wa kishale. Asubuhi huikuta programu imesahau yote. Kwa kuwa haoni mahali pa kurekebishia, humwita kijana wa jirani. Na kijana huyo, apende asipende, huliona salio la mzee. Hitilafu iliyoonekana ndogo imempokonya mtu faragha yake.

Kabla ya kumlaumu muuzaji, yafaa tujue kosa liko wapi. Badilisha jambo moja lililo wazi, tuseme ukuzaji wa asilimia 300. Ifunge programu kwa utaratibu wake, kisha uifungue tena. Ikiwa imerudi ilivyokuwa, basi haikuandika mapendeleo yako: huenda ina kasoro, au akaunti unayoitumia haina idhini ya kuandika.

Ikiwa imekumbuka, izime tarakilishi na uiwashe, ukiingia kwa akaunti ileile. Yakipotea sasa, kinachofuta ni tarakilishi yenyewe. Akaunti ya mgeni haitunzi kumbukumbu, na mashine nyingi za maktaba na saiba hurudishwa katika hali ya awali kila ziwashwapo. Mwombe msimamizi akufungulie akaunti ya kudumu.

Ikiwa yamedumu katika majaribio yote mawili, chunguza namna unavyozima. Programu nyingine huandika mapendeleo wakati wa kufungwa tu; umeme ukikatika ghafla, hazipati nafasi ya kuandika. Ukishapanga, ifunge na uifungue mara moja kabla ya kuendelea na kazi.

Wakati hitilafu ikishughulikiwa, usibaki gizani. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na cha kujumlisha: Kikuzaji kitafunguka bila wewe kutafuta chochote kwa macho, nacho hukuza hadi asilimia 1,600. Kitufe cha Windows pamoja na Esc hukifunga.

Kosa likiwa la programu uliyoinunua, mwandikie muuzaji. Taja toleo la programu, tarehe ya ununuzi, ulichobadilisha na kilichotokea katika kila jaribio. Ambatisha nakala ya risiti, ile halisi ukae nayo. Malalamiko yenye hatua zinazoweza kurudiwa hayajibiwi kwa urahisi kwamba "labda umebonyeza vibaya".

Wala usidhani unaomba hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ya maelezo yatakayomwezesha kufaidika nazo kikamilifu. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kukabiliana na vikwazo vya ulemavu wake.

Kwa hiyo, unaponunua, usiridhike na kuonyeshwa herufi kubwa dukani. Mwombe muuzaji aipange programu, aizime tarakilishi, aiwashe mbele yako, ndipo ulipe.