Kabla Gari la Zamani Halijafika kwa Fundi

Leo tunaye mzee wa barabara: Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Unataka injini yake irekebishwe? Liandae kwanza.

Futa vumbi na grisi, uvujaji uonekane. Kagua oili, betri na chujio la hewa. Liache lipoe usiku kucha, maana nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi. Fundi aanze na valvu, aje kwenye plagi na platini, kisha taimingi. Kabureta iwe ya mwisho. Haiwezi kuponya cheche mbovu.

Mwambie pia gari limetoka wapi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu hapa Rubavu ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa Mombasa itazidisha petroli huku. Dalili? Plagi nyeusi na moshi mweusi.

Na tafadhali, usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, na inaua.

Safari njema!