Ufa na Dawa Yake

Leo tuzungumze juu ya kutunza majengo.

Kule Unguja liko jumba liitwalo Beit-el-Ajaib. Lilijengwa mwaka 1883, wakati wa Sultani Barghash. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka huku likitengenezwa. Watu wawili walifariki.

Majumba ya zamani ya pwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Adui wa nyumba hizo ni maji. Paa likivuja, boriti huoza na ukuta hulegea. Wengine wakiona ufa hupiga lipu ya saruji. Hilo ni kosa! Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, na ukuta huzidi kuharibika.

Ndiyo sababu wako wasanifu wa majengo waliosomea kazi ya kuhifadhi. Wao hawaanzi na mwiko. Kwanza hupima, huchora, na hutafuta maji yanaingilia wapi. Ni kama mganga: humwuliza mgonjwa kwanza, ndipo atoe dawa.

Na sisi je? Shule na zahanati zetu nazo huharibiwa na maji. Basi tukague mapaa kabla ya masika.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza: ujue na cha kuuzibia.