Mtoto Bila Daftari
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Sisi makarani twaijua sana methali isemayo, Mali bila daftari hupotea bila habari. Jioni hii twapenda kueleza ya kuwa methali hiyo yamhusu mtoto kuliko inavyohusu mali. Mtoto aliyefiwa ghafula, au aliyekimbia kipigo, au aliyevuka mpaka peke yake wakati wa vita, ahitaji mambo mawili usiku ule ule: mahali salama pa kulala, na mtu wa kuandika habari zake. La kwanza watu wengi hulitenda kwa huruma. La pili husahauliwa, nalo ndilo kazi yetu.

Na tutazame yaliyotukia Ngara. Tarehe 28 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, na kwa muda wa siku moja hivi wakakisiwa kuwa 250,000. Msiba ule uliwatenga na wazazi wao watoto zaidi ya 100,000, katika Rwanda yenyewe na katika nchi jirani. Wengine walikuwa wadogo mno; ukiwauliza jina la baba, hujibu, "Baba."

Watumishi wa Msalaba Mwekundu na wenzao waliwaandika mmoja mmoja, wakawapiga picha, na majina ya waliopotezana yakasomwa katika redio. Kwa njia hiyo makumi ya maelfu walirudi kwa jamaa zao. Chakula na blanketi viliwaponya, walakini kilichowarudisha nyumbani ni maandishi.

Basi yapasa kuandikwa nini? Jina, na jina la utani pia, umri unaokisiwa, kijiji, mto au mlima anaoukumbuka, majina ya ndugu zake, nguo alizovaa, mahali alipoonekana, saa, na aliyemwona kwanza. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Wala mtoto asihojiwe na kila apitaye. Aulizwe mara moja, kwa upole, akiisha kula. Ikiwa ameingiliwa kwa nguvu, apelekwe hospitali mara moja, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI yafaa tu ikianzwa kabla ya saa 72 kupita.

Wako watakaosema, "Kwetu Waafrika mtoto ni wa wote, maandishi ya nini?" Twaiheshimu desturi hiyo, nayo imeokoa wengi. Lakini twajua pia nyumba ambamo mtoto alipokewa kwa huruma, na baada ya mwaka akawa mchota maji na mlezi wa watoto wa wengine, hali wenzake wako shuleni. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba yumo. Daftari halimtukani mwenye nyumba mwema. Humlinda yeye na mtoto pia.

Sheria nayo imesema. Katika Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yatamka ya kuwa aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kila mtu katika jamii mwenye habari ya kuvunjwa kwa haki za mtoto hana budi kuiarifu serikali ya mitaa ya mahali pale. Yuko Afisa Ustawi wa Jamii. Liko Dawati la Jinsia na Watoto katika polisi. Iko simu 116, isiyolipiwa, katika Tanzania na Kenya pia.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, kila tawi liwe na daftari moja la watoto, lililofungiwa kabatini, lisilosomwa ovyo. Pili, kila tawi limwendee Afisa Ustawi wa Jamii mapema, kabla ya shida kufika, ili azikague na kuzikubali nyumba mbili za kumpokea mtoto kwa usiku mmoja au zaidi. Tatu, habari ya kila mtoto ifike kwake kabla ya saa sita mchana wa siku ya pili.

Gharama yake ni kalamu, daftari na kitanda. Wanachama wenzetu, tumeandika hesabu za magunia na za mabati miaka mingi, wala hatukupoteza hata moja. Tusikubali mtoto apotee kwa kukosa mstari mmoja wa wino.